Chukudu: chombo kimoja, mikono mingi

   

Mazungumzo ya leo ni juu ya chukudu. Labda mmoja wenu anacheka na kuuliza: «Mwalimu wa sheria anatafuta nini kwenye chukudu? Si tulikuwa tunazungumza juu ya amani?» Ndugu yangu, subiri kidogo. Amani haikai katika maofisi ya wakubwa peke yake. Inakaa pia pale watu wawili wanapogawana mzigo mmoja na feza moja. Huko ndiko inakovunjika kwanza, na huko ndiko inakoanza kutengenezwa.

CHUKUDU ILITOKA WAPI?

Sisi wa Kivu ya Kaskazini tunajua chukudu, lakini tuseme kwa ajili ya wale waliotoka mbali. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, chenye ubao mrefu katikati na usukani kama pembe za ng'ombe. Hakina mashine, hakina mnyororo, hakina pedali. Mwenye kukiendesha anaweka goti moja juu ya ubao na kusukuma udongo kwa mguu wa pili. Kwenye mtelemko anapanda na kuongoza tu. Kwenye mlima anashuka na kusukuma. Chukudu kubwa ina urefu wa metre mbili hivi, na inabeba mamia ya kilo: viazi, kabichi, makala, mbao, simenti, bidoni za maji.

Wazee wanasema chombo hiki kilianza kuonekana huku kwetu katika miaka ya 1970, wakati inchi ilipokuwa ikiitwa Zaire. Mnakumbuka miaka ile. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ilitangaza kuchukua biashara za wageni, na baada ya hapo uchumi ulianza kuanguka. Motokari zilikosa vipuli, barabara ziliharibika. Mlimaji alikuwa na viazi, soko lilikuwa na njaa, lakini njia ya kuviunganisha haikuwako. Ndipo watu wa milimani wakachukua shoka na mti. Hakuna injinia aliyewachorea, wala hakuna mradi uliowaletea.

Tangu hapo chukudu imepita katika mambo mengi pamoja nasi. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipoingia Goma, ukafunika katikati ya mji na sehemu ya kiwanja cha ndege, ilibidi mji ujengwe upya juu ya mawe makali. Mbao na simenti zilipita juu ya mawe yale kwa chukudu. Mwaka 2009 sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu ilizinduliwa katikati ya mji, nayo haionyeshi jemadari wala mfalme. Inaonyesha mtu anayesukuma chukudu. Miji michache duniani imempa mbeba mizigo nafasi ya namna hiyo.

NAMNA INAVYOTENGENEZWA

Sasa nieleze namna inavyotengenezwa, kwa sababu kati yenu mna vijana wenye mikono na wasio na kazi.

Kwanza, mti. Ubao wa katikati na nguzo ya mbele vinataka mti mgumu usiopasuka. Mafundi wetu wengi wanatumia mikaliptusi. Chagua mti uliokauka vema. Mti mbichi ukikaa jua unajikunja, na chukudu iliyojikunja inavuta upande mmoja mpaka inamwangusha mwenyewe. Tena ununue kwa mtu aliyepanda mti wake. Usiende kuukata katika Hifadhi ya Virunga. Hifadhi ile inalindwa na sheria tangu mwaka 1925, na mti wa wizi unakufunga wewe na fundi wako.

Pili, magurudumu. Yanachongwa kwa mti mzito, halafu yanazungushwa ukanda wa mpira uliokatwa katika mpira wa motokari uliochakaa, na kupigiliwa misumari. Mpira huo unalinda mti usiliwe na mawe. Ukiona mpira umeisha, ubadilishe upesi. Ukanda wa mpira ni bei ndogo, gurudumu zima ni bei kubwa. Katikati ya gurudumu mafundi wengi wanaingiza beringi kuukuu iliyotolewa kwenye motokari iliyokufa. Itie girisi. Beringi kavu inalia njia yote, na kilio chake kinamaanisha kwamba inakula ekseli.

Tatu, usukani na breki. Usukani unashikwa na chuma kinachoruhusu nguzo ya mbele kugeuka. Chuma hicho kikilegea, usitoke nyumbani. Breki ni kipande cha mpira kinachowekwa juu ya gurudumu la nyuma na kukanyagwa kwa mguu. Wanaotoka Kibumba kuja Goma wanajua maana yake, kwa sababu njia ile inatelemka sana, na chukudu yenye viazi ikishika mbio haisikii sauti ya mtu. Mpira wa breki ubadilishwe kabla haujaisha. Nne, mahali pa goti: shona kipande cha sponji au kandambili ya zamani, usiharibu goti lako kwa miaka yote iliyobaki.

Na yule asiyeweza kusukuma kwa mguu, je? Naye asifikiri kwamba kazi ya mikono ya watu wetu imemsahau. Huko Kinshasa, wanamuziki wa Staff Benda Bilili, wengi wao waliopooza miguu kwa polio, walijulikana duniani wakitembea juu ya baiskeli za magurudumu matatu zilizotengenezwa kwa vipande vya vyuma na kuendeshwa kwa mikono. Na hapa kwetu Goma, kwenye mpaka wa kwenda Rubavu, ndugu na dada zetu wenye ulemavu wamefanya biashara miaka mingi kwa baiskeli za namna hiyo. Fundi anayejua kuweka beringi kwenye gurudumu la mti anaweza kujifunza kazi hiyo pia.

MTU MMOJA HAITENGENEZI PEKE YAKE

Sasa nifike kwenye neno langu. Tuhesabu mikono iliyogusa chukudu moja. Mti ulipandwa na mlimaji wa Masisi au wa Rutshuru. Mpira ulitoka kwa mwenye karakana wa Birere. Beringi ilitoka kwenye kamyo iliyofia njiani. Misumari ilinunuliwa katika butike ya jirani. Fundi ni wa kabila moja, mwenye kuinunua ni wa kabila lingine, mwenye kuisukuma ni wa la tatu, na mama anayepokea kabichi sokoni Virunga ni wa la nne. Hakuna aliyeuliza kabila la gurudumu. Kila mmoja aliuliza: je, ni imara?

Basi kwa nini tunapotengeneza chombo tunaweza kupatana, na tunapogawana mapato yake tunashindwa? Nitawaeleza kesi moja ya namna tunazozisikia mara nyingi, bila kutaja majina.

Baba mmoja aliyekimbia kutoka milima ya Masisi alikodi chukudu kwa mwenyeji wa kartie. Walipatana kwa mdomo tu: kila jioni alete feza fulani. Siku ya tisa, akiwa na magunia ya viazi, ekseli ilivunjika juu ya mawe. Viazi vingine vilimwagika, vingine viliibiwa. Jioni alirudi mikono mitupu. Mwenye chombo akasema: «Umevunja, utalipa.» Yule mkimbizi akasema: «Ekseli ilikuwa imekwisha kuoza.» Mwenye chombo akachukua sufuria na godoro la jamaa ile kuwa rehani. Mama akalia. Vijana wa avenyu wakakusanyika. Mpaka hapo lilikuwa shauri la ekseli. Ndipo kijana mmoja akatupa neno: «Watu wa kabila lenu ndio tabia yenu.» Baada ya neno hilo, hakuna tena aliyezungumza juu ya ekseli. Watu walianza kuokota mawe.

Ndugu zangu, mnaona njia iliyopitiwa? Kipande cha chuma kimekuwa shauri la feza, shauri la feza likawa shauri la kabila, na shauri la kabila lilikuwa tayari kuwa damu. Yote kwa muda wa nusu saa.

Siku ile mzee mmoja wa nyumba kumi alifanya jambo dogo. Hakuhubiri. Alisema: «Leteni ile ekseli.» Akamwita fundi, akamwuliza mbele ya watu wote. Fundi akaigeuza mkononi, akaonyesha kutu iliyokuwa ndani ya mvunjiko: sehemu moja ilikuwa nyeusi ya zamani, sehemu nyingine ilikuwa nyeupe ya siku ile. Maana yake ekseli ilikuwa imepasuka kabla haijakodiwa, na mzigo mkubwa uliimaliza. Mzee akakata: kila mmoja alipe nusu ya ekseli mpya, sufuria na godoro virudishwe usiku uleule, na yule kijana aombe radhi kwa neno lake. Watu wakaweka mawe chini. Mashauri yakarudi mahali pake, yaani kwenye chuma.

SHERIA INASEMA NINI?

Wengi wanafikiri sheria ni ya watu wenye majumba. Sivyo. Kitabu chetu cha sheria za mapatano, cha tarehe 30 Julai 1888, ambacho kinatumika hata leo, kinasema katika kipengele cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kwa halali ni sheria kwa wale walioyafanya. Maana yake ninyi wawili mkipatana juu ya chukudu, mmetunga sheria yenu. Basi itungeni vema. Kipengele cha 258 kinasema kwamba mtu aliyemharibia mwenzake kwa kosa lake anapashwa kutengeneza hasara hiyo. Lakini sheria ileile inajua pia nguvu isiyozuilika: mtu aliyezuiliwa na jambo lisilo na kosa lake, kama vita au moto wa mlima, halipishwi hasara hiyo. Tarehe 22 Mei 2021 moto wa Nyiragongo ulikata barabara ya Rutshuru. Je, aliyeacha chukudu yake ng'ambo ya moto angehukumiwa kama mwizi? Hapana.

Kwa hiyo chukueni karatasi moja ya daftari la mtoto. Andikeni mambo sita: jina la mwenye chombo na la mwendeshaji, hali ya chombo siku ya kukitoa, yaani magurudumu, ekseli, breki, feza za kila siku, na siku ya kupumzika, nani analipa kitu kidogo kinachoisha, kama mpira na misumari, nani analipa kitu kikubwa kinachovunjika, na nani atawasikiliza mkikosana. Tieni sahihi au kidole, pamoja na shahidi wawili, mmoja wa kila upande. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa. Karatasi hii haigharimu kitu, na inaweza kuzuia mawe yasiokotwe.

Neno la pili ni juu ya haki ya kufanya kazi. Wenyeji wengine wanasema: «Hawa waliokuja wanabeba kwa bei ya chini, wanaharibu kazi yetu.» Neno hili lina maumivu ndani yake, tusilidharau. Lakini Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kipengele cha 36 kwamba kazi ni haki na pashwa takatifu kwa kila Mkongomani. Kipengele cha 30 kinasema kila mtu aliye katika inchi ana haki ya kutembea na kukaa anapotaka. Na kipengele cha 66 kinaagiza kila Mkongomani amheshimu mwenzake bila ubaguzi. Hata zile Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohamishwa ndani ya inchi yao, katika kanuni ya 22, zinalinda haki yao ya kutafuta kazi. Basi hatuwezi kumfukuza mtu kwenye mzigo. Tunaweza, kinyume chake, kukaa pamoja na kupatana bei ya chini ya gunia kutoka soko mpaka kartie, ambayo hakuna atakayeshuka chini yake, awe mwenyeji au mgeni. Mwenye njaa hatashawishiwa kuuza jasho lake bure, na mwenyeji hatapoteza wateja wake.

Neno la tatu ni juu ya bariera. Katiba, kipengele cha 174, inasema kodi haiwekwi ila na sheria. Anayekuomba feza njiani, mwombe kwa heshima kitansi. Usitukane, usipigane na mtu mwenye silaha. Maisha yako ni zaidi ya gunia la makala. Lakini shikeni mahali, siku, saa na kiasi kilichotwaliwa, na kuvileta kwa chama chenu. Sauti ya mtu mmoja inasemwa kuwa uongo. Daftari la watu arobaini ni vigumu kulikana. Kipengele cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kujiunga katika chama.

KUNUNUA PAMOJA

Tuchukue mfano, na hesabu ni ya mfano tu. Tuseme chukudu moja ni dola 80. Mtu mmoja aliyekimbia hana dola 80. Lakini watu wanane wakiweka dola 10 kila mmoja, chombo kinapatikana. Chagueni wanne kati ya waliohamishwa na wanne kati ya wenyeji. Wawili waendeshe kwa zamu, mmoja ashike daftari, mwingine ashike sanduku, na ufunguo wa sanduku ushikwe na mtu wa tatu. Kabla ya kugawana faida, tengeni sehemu ya mpira na beringi. Vyama vingi vimekufa kwa sababu vilikula gurudumu la kesho.

JUU YA WATOTO

Ninyi wazazi mmewaona watoto wakijitengenezea chukudu ndogo kwa mabaki ya mbao, wakitelemka kwa makelele. Msiwakataze mchezo huo. Waondoeni tu kwenye barabara ya makamyo. Mtoto wa mkimbizi na mtoto wa mwenyeji wanaotafuta msumari mmoja wamekwisha kupatana kabla yetu. Lakini kumfunga mtoto kwenye mzigo ni jambo lingine. Katiba, kipengele cha 41, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda. Mgongo wa mtoto wa miaka kumi na mbili haujakomaa. Mahali pake ni masomoni, hata kama chukudu ya baba ndiyo inayolipa daftari lake.

KWENU, WAKUBWA WA MITAA

Wakubwa wetu, ninawaomba mambo manne. Muwe na fundi mmoja au wawili wanaoaminiwa na pande zote, wa kuitwa shauri la chombo linapotokea. Msikilize shauri lilelile lililoletwa, msiruhusu lisukumwe mpaka kwenye kabila. Msikubali mtu achukue sufuria na godoro vya jamaa kwa nguvu. Hiyo si sheria, ni unyang'anyi. Na mkaribishe waliohamishwa katika barza yenu, kwa sababu mtu anayehukumiwa bila kusikilizwa haheshimu hukumu. Katiba, kipengele cha 51, inaipa serikali pashwa la kulinda maisha ya amani kati ya makabila yote. Ninyi ndio serikali ya kwanza ambayo mwananchi anaigonga mlango.

KWENU MLIOHAMISHWA

Kwenu mliohamishwa, najua mmechoka. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia tena Goma, na mwezi uliofuata makambi makubwa ya kandokando ya mji yalivunjwa. Wengi mlibeba tena kile kidogo mlichobaki nacho. Wengine mlikuta mashamba yamekuwa msitu, wengine nyumba zina watu wengine ndani. Mazungumzo haya hayawezi kuwarudishia vyote. Lakini yule anayejua kuchonga gurudumu anakwenda na ujuzi wake kila mahali, na hakuna bariera inayoweza kuutwaa. Mfundisheni kijana mmoja wa pale mlipo, wa kabila lisilo lenu. Naye atakumbuka nani aliyempa kazi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Juma lijalo tutazungumza juu ya shamba: mtu arudipo na kukuta mwingine amelima, wafanye nini kabla ya kufika kwa hakimu. Andikeni maulizo yenu, myape wajumbe wa vikundi vya wasikilizaji. Kaeni na amani.